Mcheza kwao hutunzwa: Patrick Ewing na misimu 6 ya Georgetown

Aprili 2017 Chuo Kikuu cha Georgetown, jijini Washington, kilimtangaza Patrick Ewing kuwa kocha mkuu wa timu yake ya wanaume ya mpira wa kikapu. Alikuwa na miaka 54. Ana urefu wa futi 7, na katika historia ya chuo kile hakuna mchezaji aliyefikia ukubwa wa jina lake. Hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote, iwe ya chuo au ya NBA, lakini siku ile jambo hilo lilionekana dogo. Mtoto wa nyumbani alikuwa amerudi, na wahitimu waliosoma pale miaka ya 1980 walishangilia kana kwamba miaka ile yenyewe ndiyo iliyorudi.

Machi 9, 2023, chuo hichohicho kilimfuta kazi. Katika misimu 6 alikuwa ameshinda michezo 75 na kupoteza 109.

Hukumu ya haraka ilitolewa, nayo tumezoea kuisikia kila nyota wa zamani anaposhindwa kwenye benchi: aliyejaliwa kipaji hawezi kukifundisha. Hukumu hiyo siikubali. Ewing alikuwa msaidizi wa makocha wazuri kwenye NBA kwa zaidi ya misimu 10, katika Washington Wizards, Houston Rockets, Orlando Magic na timu ya Charlotte, na vijana warefu waliopita mikononi mwake walinoleka. Kilichomwangusha Georgetown kina mizizi mirefu zaidi ya hapo, na hakionekani mpaka turudi kwa mtu aliyemlea.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Michezo ya vyuo vya Marekani haifanani na ile ya wanafunzi wanaokutana jioni kunyoosha viungo. Timu kubwa hucheza kwenye viwanja vya ndani vyenye viti 20,000, michezo yao hurushwa na televisheni nchi nzima, na katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, gavana akiwemo, ni kocha wa chuo. Kila Machi timu 68 huingia kwenye mtoano wa taifa wa NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo. Ukifungwa mara moja unafungasha. Kocha anayefika huko mara kwa mara husamehewa mengi, na asiyefika hana pa kujificha.

John Thompson alifika Georgetown mwaka 1972 akitokea kufundisha sekondari ya Mtakatifu Anthony, mjini Washington humohumo. Timu aliyoipokea ilikuwa imetoka kushinda michezo 3 na kupoteza 23. Alikuwa mtu mweusi anayeongoza timu ya chuo cha Wajesuiti kilichojaa wanafunzi weupe, katikati ya jiji ambalo wakazi wake wengi walikuwa weusi na wachache mno kati yao waliwahi kuvuka lango la chuo hicho. Hakusoma Georgetown. Alisoma Providence, akacheza huko, kisha akakaa misimu 2 Boston Celtics ya NBA nyuma ya nyota Bill Russell. Kwa Georgetown alikuwa mgeni kabisa.

Na mgeni huyo hakupokelewa kwa vifijo. Katika msimu wake wa 3, timu ilipokuwa ikifungwa mfululizo, bango lenye tusi la rangi likitaka aondolewe lilining'inizwa ndani ya ukumbi wao wenyewe. Chuo kilisimama naye. Msimu huohuo, 1975, Georgetown ilifuzu mtoano wa taifa kwa mara ya kwanza tangu 1943.

Juu ya meza yake Thompson aliweka mpira wa kikapu uliotolewa upepo. Kila mchezaji aliyeingia ofisini aliuona, na kama hakuuelewa alielezwa: siku mpira huu ukiisha upepo kwako, utakuwa umebaki na nini? Benchi lake la ufundi lilikuwa na mwanamke aliyeitwa Mary Fenlon, aliyewahi kuwa mtawa, mwalimu aliyetoka naye Mtakatifu Anthony. Kazi yake ilikuwa masomo ya wachezaji, na siku za mchezo aliketi palepale pembeni mwa uwanja, karibu na kocha. Asilimia 97 ya wachezaji waliokaa na Thompson miaka yote 4 waliondoka na shahada. Januari 1989, NCAA ilipopitisha kanuni ambayo ingewanyima ufadhili vijana wasiofikia alama fulani za mitihani, wengi wao weusi na maskini, Thompson alitoka uwanjani mchezo na Boston College ukiwa unakaribia kuanza. Taulo lilikuwa begani kama kawaida yake. Aliiacha timu icheze bila yeye.

Kwa mtu wa namna hiyo ndiko Dorothy Ewing alikomkabidhi mwanawe.

Patrick alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1962, na utotoni alicheza kriketi na soka. Alipofika Cambridge, Massachusetts, mwaka 1975 hakuwa ameugusa mpira wa kikapu. Mama yake alitangulia Marekani na kufanya kazi jikoni katika hospitali kubwa ya Boston, akiwaleta watoto kadiri uwezo ulivyoruhusu. Miaka 6 baadaye kijana huyo alikuwa akigombewa na vyuo vya nchi nzima, na Dorothy hakutaka kusikia habari za vikombe. Alitaka ahadi kwamba mtoto atasoma. Alifariki mwaka 1983, Patrick akiwa bado mwanafunzi. Patrick alimaliza mwaka 1985 na shahada ya sanaa, miaka 4 kamili, wakati angeweza kuondoka mapema na kuwa tajiri.

Miaka ile 4 haikuwa mteremko. Kwenye viwanja vya wapinzani mashabiki walinyanyua mabango yakidai kwamba hajui kusoma, wengine wakimfananisha na sokwe, na ganda la ndizi likarushwa uwanjani. Thompson aliwazungushia wachezaji wake ukuta. Waandishi hawakuwapata kirahisi, hoteli zao zilikuwa mbali na kelele, na magazeti yalimlaumu kwamba anajenga timu yenye hofu na hasira. Binafsi naona alifanya ambacho mzazi yeyote angefanya.

Fainali ya taifa ya Machi 29, 1982, dhidi ya North Carolina, ilichezwa New Orleans mbele ya watu 61,612. Thompson alimwagiza Ewing, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, asiruhusu mpira wowote kupita. Kijana akatii kupita kiasi. Mipira ya North Carolina ilipokuwa ikishuka kuelekea kikapuni aliirukia na kuipangua, kosa ambalo adhabu yake ni kumhesabia mpinzani pointi, na pointi 8 za kwanza za Carolina zote zilipatikana hivyo. Lakini ujumbe ulifika. Alimaliza na pointi 23. Zikiwa zimesalia sekunde kama 17 kijana mwingine wa mwaka wa kwanza, Michael Jordan, alitupa kutoka upande wa kushoto ikawa 63 kwa 62. Georgetown walikuwa na muda wa kujibu. Fred Brown aliudunda mpira, akaona kivuli cha mtu pembeni, akampasia. Alikuwa James Worthy, mchezaji wa Carolina.

Filimbi ikapulizwa na Thompson akamfuata Brown, akamkumbatia mbele ya nchi nzima. Miaka 2 baadaye, Georgetown walipoifunga Houston ya Hakeem Olajuwon 84 kwa 75 na Thompson akawa kocha mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa huo, alimkumbatia tena Fred Brown. Mwaka 1985 walirudi fainali kwa mara ya 3 na Villanova ikawashinda 66 kwa 64, kwa kufunga mitupo 22 kati ya 28, usiku ambao wapenzi wa kikapu bado wanauhadithia. Kwa jumla, katika miaka 4 ya Ewing timu ilishinda michezo 121 na kupoteza 23.

Baada yake walikuja warefu wengine. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa mwaka 1987 kwa ufadhili wa serikali ya Marekani akitaka kusomea udaktari, na Thompson akamwingiza uwanjani. Aliondoka na shahada mwaka 1991 baada ya kusoma isimu na diplomasia, akacheza NBA misimu 18, kisha akajenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake, Biamba Marie. Hospitali ile imehudumia wagonjwa tangu 2007, na mwenyewe alifariki Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo. Ukiutafuta ule mpira usio na upepo ulifanya kazi gani duniani, anzia Kinshasa.

Thompson alistaafu mwaka 1999 akiwa na ushindi 596. Mwanawe, John Thompson III, aliiongoza timu kuanzia 2004, akaifikisha nusu fainali ya taifa mwaka 2007, kisha mambo yakaanza kupoa. Mwaka 2013 walitolewa na Florida Gulf Coast, chuo ambacho wengi walikuwa hawajakisikia. Misimu 2 ya mwisho ilikuwa ya hasara tupu, na Machi 2017 akaondolewa. Ni uamuzi mgumu kumfukuza mtoto wa mtu ambaye jina lake limeandikwa juu ya jengo lako la michezo, lililofunguliwa miezi michache tu kabla. Ili kidonda kisichimbike zaidi, chuo kilihitaji mrithi ambaye mzee Thompson asingeweza kumwonea kinyongo. Nchi nzima alikuwepo mmoja.

Nadhani hapo ndipo penye kosa, na halikuwa la Ewing. Georgetown ilikuwa na jeraha la kifamilia ikalitibu kwa kumwita mwanafamilia. Swali la kazi yenyewe lilikuja nyuma.

Kazi ya kocha wa chuo nusu yake haionekani uwanjani. Ni kukaa sebuleni kwa watu, mbele ya mama na bibi wa kijana wa miaka 16, na kuwashawishi wakuamini kuliko makocha wengine 10 waliokwisha kukaa kwenye kiti hichohicho. Ni kujua kocha gani wa timu ya mtaa ana sauti kwa kijana gani. Roy Williams aliijua. Alisoma North Carolina, akahitimu 1972, akawa msaidizi wa kocha wa hapo, Dean Smith, kwa miaka 10, kisha akaenda Kansas kuwa kocha mkuu kwa miaka 15. Mwaka 2000 kwao walimwita akakataa, kwa machungu makubwa. Walipomwita tena 2003 alikwenda, na alikwenda na ufundi mkononi. Alitwaa ubingwa wa taifa 2005, 2009 na 2017. Chuo kilimpenda, lakini kilichowafunga wapinzani ni ile miaka 15 ya Kansas.

Ewing alikuwa amesema kwa miaka mingi kwamba anataka kuwa kocha mkuu wa NBA. Nafasi hiyo hakupewa, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba alinyimwa haki yake: watu waliocheza nusu yake na kusaidia nusu yake walipita mbele. Huko NBA alifundisha watu wazima wenye mikataba. Mchezaji wa NBA akinuna, Jumatatu anakuja mazoezini kwa sababu ndiyo ajira yake. Mwanafunzi akinuna anahama.

Na walihama. Msimu wa kwanza ulikuwa ushindi 15 na vipigo 15, wa pili 19 na 14, na vijana watatu wa mwaka wa kwanza, James Akinjo, Mac McClung na Josh LeBlanc, waliwapa watu matumaini ya kweli. Desemba 2019 Akinjo na LeBlanc walikuwa wameondoka. Mwaka 2020 McClung naye akaenda Texas Tech. Fikiria alivyojisikia mtu ambaye mwenyewe alikaa miaka 4 pale, akitukanwa kila uwanja, bila kuwaza kuhama. Alirudi nyumbani akiwa na ramani aliyochorewa na Thompson, na barabara zilikuwa zimebadilishwa.

Mei 2020 alilazwa hospitali kwa korona, akapona. Agosti 30 mwaka huo mzee Thompson akafariki. Msimu ulipoanza, makocha wa ligi ya Big East waliitabiria Georgetown nafasi ya mwisho kati ya timu 11, na utabiri haukuwa mbali sana: walifika mashindano ya kumaliza ligi wakiwa na ushindi 9 na vipigo 12, wamepangwa namba 8.

Mashindano yale hufanyika Madison Square Garden, New York. Hapo ndipo Ewing alipoichezea Knicks misimu 15, na jezi yake namba 33 imetundikwa darini. Walianza kwa kuifunga Marquette 68 kwa 49. Siku ya pili, Machi 11, 2021, walikutana na Villanova, vinara wa ligi, na mchezo ukakaza hadi sekunde za mwisho. Dante Harris, mlinzi mdogo wa mwaka wa kwanza, alisimama kwenye mstari wa mitupo ya adhabu zikiwa zimebaki sekunde 4.7. Akafunga wa kwanza. Akafunga wa pili. 72 kwa 71. Baada ya mchezo Ewing alilalamika mbele ya waandishi, na alikuwa amekasirika kweli: walinzi wa jengo wanamsimamisha kila kona wakimtaka kibali. Aliuliza kama namba yake haiko kule juu. Watu walicheka. Mimi niliona uchungu ndani yake, kwa sababu hiyo ndiyo hali ya anayerudi. Jina lako liko darini, na mlangoni amesimama kijana ambaye hakuwa amezaliwa ulipolipata.

Siku iliyofuata waliifunga Seton Hall 66 kwa 58. Jumamosi ya Machi 13 ikaja fainali na Creighton, na haikuwa na ushindani wowote: 73 kwa 48. Miaka 49 kamili ilikuwa imetimia, siku kwa siku, tangu Georgetown imwajiri John Thompson. Harris akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Kwa kuwa janga lilikuwa limeweka watu wachache mno kwenye viti, ungeweza kusikia vizuri sauti za wachezaji walipokuwa wakimrukia kocha wao.

Mcheza kwao hutunzwa, na usiku ule Ewing alitunzwa. Hata kama yote yaliyofuata yangejulikana mapema, sidhani kuna mtu wa Georgetown ambaye angekubali kuzirudisha siku zile 4. Hata kipigo cha 96 kwa 73 kutoka Colorado, wiki iliyofuata kwenye mtoano wa taifa, hakikuharibu furaha.

Kilichoharibu kilikuja kimyakimya, kwa njia ya kanuni. Aprili 2021 NCAA iliruhusu mchezaji kuhama mara moja na kucheza papo hapo, bila kukaa nje mwaka mzima kama zamani. Julai 1 ikaruhusu wanafunzi kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Kwa kijana maskini hii ilikuwa haki iliyochelewa miaka mingi, na siwezi kuilaumu. Lakini iligeuza usajili kuwa soko la kila mwaka. Qudus Wahab, kijana mrefu wa kati, alikwenda Maryland. Wakongwe wa ubingwa walimaliza. Aminu Mohammed alikuja na sifa kubwa kutoka sekondari, na pamoja naye Ryan Mutombo, mtoto wa Dikembe. Baba aliketi jukwaani akimwangalia mwanawe akivaa jezi aliyoivaa yeye.

Msimu wa 2021-22 Georgetown ilicheza michezo 19 ya ligi na kupoteza yote 19. Ilimaliza kwa vipigo 21 mfululizo. Uongozi ulitangaza kwamba unaendelea kumwamini kocha. Msimu uliofuata Wahab alirudi, Harris akaondoka, wapya wakajaa, na vipigo vikaendelea mpaka vikafika 29 mfululizo vya ligi, rekodi ya aibu ambayo Big East haikuwahi kuiona. Januari 24, 2023 waliifunga DePaul 81 kwa 76 na wachezaji wakashangilia kama wametwaa kikombe. Uwanja wao wa katikati ya jiji ulikuwa na safu nzima za viti vitupu.

Kwa nini hawakumwondoa mapema? Kwa sababu alikuwa Ewing. Mgeni angeondoka 2022 bila mjadala. Upendo uliompa kazi ndio uliomwacha kwenye moto mwaka mmoja zaidi, na sikuona hisani yoyote ndani yake. Chuo kinachompenda mtoto wake kingemwekea pembeni mtu kama Mary Fenlon wa zama hizi: msimamizi wa usajili na fedha za wachezaji aliyeiva, ambaye jina lake mashabiki wasingelijua. Thompson alikuja mwaka 1972 na mtu wake wa kumsaidia penye pengo lake. Ewing alipewa makaribisho.

Mtanzania anayefuatilia kikapu ana sababu yake ya kuijali ligi hii. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliichezea Connecticut ndani ya Big East na mara 2, 2008 na 2009, akachaguliwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi, kabla ya kuitwa wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka 2009. Chuo chake nacho kilimrudisha mtoto wa nyumbani. Kevin Ollie, mchezaji wao wa miaka ya 1990, alimrithi kocha Jim Calhoun mwaka 2012, na mwaka 2014 akatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Kentucky 60 kwa 54. Miaka 4 baadaye alifukuzwa kukiwa na uchunguzi wa NCAA, na chuo hakikutaka kumlipa fedha za mkataba uliobaki. Ilibidi waende kwa msuluhishi, ambaye mwaka 2022 aliamuru alipwe zaidi ya dola milioni 11. Hadithi hiyo inaniuma kuliko ya Ewing, maana pale kikombe kilikuwepo na bado familia ilifikishana kwenye sheria. Aliyekuja baadaye, Dan Hurley, alisoma Seton Hall, hana udugu wowote na Connecticut, na alitwaa ubingwa wa 2023 na wa 2024.

Walioshindwa kwao ni wengi. Clyde Drexler alirudi Houston akakaa misimu 2. Chris Mullin alirudi St. John's akakaa 4. Juwan Howard aliifikisha Michigan robo fainali ya taifa mwaka 2021, na 2024 akaondoka baada ya msimu wa ushindi 8. Wote walikuwa nyota wa NBA, na hakuna kati yao aliyewahi kuwa kocha mkuu kabla ya kuitwa nyumbani.

Ndiyo maana namtazama kwa makini Mark Pope wa Kentucky. Kentucky ndiko alikochezea mchezaji bora wa nchi wa mwaka 2022, Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndiyo lugha ya mtaani. Kocha wake, John Calipari, alihamia Arkansas Aprili 2024, na chuo kikampa kazi Pope, nahodha wa mabingwa wa 1996. Mashabiki wengi walinung'unika saa chache za mwanzo, kisha wakaujaza uwanja wa Rupp kumpokea, watu karibu 20,000 kwa mkutano na waandishi tu. Pope aliwahi kuacha masomo ya udaktari Columbia ili aanze ukocha kutoka chini kabisa. Alikwenda Utah Valley kuwa kocha mkuu miaka 4, kisha Brigham Young miaka 5, akipoteza na kushinda mahali ambapo hakuna aliyejali alikuwa nani mwaka 1996. Msimu wake wa kwanza kwao alishinda michezo 24 na kufika hatua ya timu 16 bora. Februari 2025 Calipari alirudi Rupp na Arkansas yake akamfunga, na watu wakakumbuka upesi kwamba mapenzi ya mashabiki hayana akiba kubwa.

Georgetown safari hii ilikwenda kwa Ed Cooley, aliyetoka Providence, chuo alichosoma John Thompson. Cooley hana shahada ya Georgetown. Alizaliwa na kukulia katika mji wa Providence, akaifundisha timu ya kwao miaka 12, na alipoondoka mji mzima ulimwona msaliti. Msimu wa kwanza alishinda michezo 9 na kupoteza 23. Wa pili alishinda 18, na minong'ono ikapungua.

Ewing yuko New York. Mwaka 2024 Knicks walimpa wadhifa wa balozi wa timu, na bila shaka sasa walinzi wa mlangoni wanamjua. Namtakia heri huko, lakini naona Georgetown bado ina kazi naye. Kuna vijana wa miaka 18 wanaofika chuoni kila Agosti wakiwa na mawakala, na fedha ambazo mama zao hawajawahi kuzishika, na mwaka mmoja tu wa kuamua watakuwa nani. Anayeweza kuwaeleza maana ya kumaliza shahada baada ya kumzika mama, huku nusu ya nchi ikikuzomea kwamba hujui kusoma, ni mtu mmoja, na kwa kazi hiyo hahitaji kushinda mchezo hata mmoja. Wampigie simu.